Miaka 11 ya McIlroy haikuwa ukame

Jumapili ya Novemba 16, 2025, katika uwanja wa Jumeirah Golf Estates mjini Dubai, Rory McIlroy alilimaliza shimo la mwisho kwa mikwaju mitatu ilhali kiwango chake ni mitano, akamfikia Mwingereza Matt Fitzpatrick kileleni na kulazimisha shimo la ziada. Huko kwenye shimo la ziada alishindwa. Hata hivyo aliondoka na kombe jingine, lile la bingwa wa msimu mzima wa Ulaya, kwa mara ya saba maishani mwake. Alikuwa amempita Mhispania Seve Ballesteros, aliyelitwaa mara sita, na aliyebaki mbele yake ni Mskoti Colin Montgomerie peke yake, mwenye makombe nane. Habari hiyo ilipita kimyakimya. Kurasa za michezo nilizozisoma ziliipa aya mbili tatu, na nusu ya aya hizo zikarudi palepale zilipokita tangu Aprili: kwamba mwaka huo McIlroy hatimaye alishinda Masters, mojawapo ya mashindano makuu manne ya gofu, akauvunja mkosi wa miaka 11 bila taji kuu, na kwamba sasa hana deni tena na mchezo huu.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wachambuzi wengi. Simulizi ya mkosi uliovunjika ni tamu, nami nilikesha kuitazama ikitimia, lakini inatufundisha vibaya namna ya kusoma maisha ya mchezaji wa gofu wa kulipwa. Miaka iliyopita kati ya Agosti 2014 na Aprili 2025 haikuwa kiangazi cha kungojea mvua ya siku moja. Ndiyo kazi yenyewe. Ni mojawapo ya vipindi virefu vya ubora katika gofu ya karne hii, na tumekiita ukame kwa sababu tu tumeikubali, bila kuuliza imetoka wapi, hesabu inayoupima mwaka mzima wa mtu kwa wiki nne tu za mashindano makuu.

McIlroy alizaliwa Mei 4, 1989 katika mji mdogo wa Holywood, jirani na Belfast, Ireland ya Kaskazini. Ni mtoto wa pekee. Baba yake, Gerry, alishika kazi zaidi ya moja kwa wakati mmoja, za usafi na za kuhudumu baa, na mama yake, Rosie, aliingia zamu za usiku kiwandani, ili mtoto apate nauli na ada za mashindano. Hesabu ya nyumba kama hiyo wasomaji wa hapa wataielewa bila kufafanuliwa. Akiwa na umri wa miaka 16 aliuzunguka uwanja mgumu wa Royal Portrush kwa mikwaju 61, mwaka 2007 akaacha gofu ya ridhaa, na mwanzoni mwa 2009 akashinda shindano lake la kwanza la kulipwa, huko Dubai. Aprili 2011 aliingia siku ya mwisho ya Masters akiongoza kwa mikwaju minne. Kwenye shimo la 10 kipira chake kilikata kushoto, kikagonga mti na kuangukia katikati ya nyumba za wageni za klabu ya Augusta National, mahali ambapo watazamaji wa televisheni hawakuwahi kujua kwamba pana nyumba. Shimo lenye kiwango cha mikwaju minne alilimaliza kwa saba, na siku nzima kwa 80. Miezi miwili baadaye alishinda US Open kwa tofauti ya mikwaju minane. Kufikia Agosti 2014, akiwa na miaka 25, alikuwa na mataji makuu manne kibindoni: US Open, PGA Championship mara mbili, na Open ya Uingereza. Ilibaki Masters tu ili aingie katika orodha ya wachache waliokusanya yote manne, ambao hadi wakati huo walikuwa watano: Gene Sarazen, Ben Hogan, Gary Player, Jack Nicklaus na Tiger Woods.

Kisha ukaja huo unaoitwa ukame. Acha niuhesabu. Katika muda huo McIlroy alishinda mashindano 19 ya PGA Tour, ligi ya Marekani ambayo ndiyo yenye ushindani mkubwa kuliko zote. Alitwaa kombe la msimu la Marekani, FedEx Cup, mwaka 2016, 2019 na 2022, na hakuna mwingine aliyewahi kulitwaa mara tatu. Alitwaa lile la Ulaya mwaka 2015, 2022, 2023 na 2024. Alishinda The Players, shindano ambalo wachezaji wengi huliweka mara tu baada ya yale manne makuu, mwaka 2019 na tena Machi 2025. Alirudi namba moja duniani mwaka 2020 na tena 2022. Na katika hayo mashindano makuu yenyewe, ambamo tunaambiwa alikuwa amepotea, alimaliza ndani ya kumi bora mara 21, nne kati ya hizo akiwa wa pili. Mtu mwingine akiwa na rekodi hiyo peke yake, bila chochote kabla wala baada, tungemwita gwiji. Huyu tulimuuliza kila Aprili ana tatizo gani.

Swali hilo lina kasoro ya kihesabu kabla hata hatujafika kwenye historia. Gofu si tenisi. Kwenye tenisi bingwa hukutana na mpinzani mmoja mmoja, anamwona machoni, anaweza kumkimbiza na kumchosha. Kwenye gofu anacheza dhidi ya watu karibu mia au zaidi kwa wakati mmoja, wala hawezi kumzuia hata mmoja wao; mtu ambaye hajakutana naye wiki nzima, aliyetangulia saa mbili mbele, anaweza kupiga 64 na kumpokonya kombe lililokuwa karibu mkononi. Tuseme McIlroy alikuwa na nafasi moja kati ya ishirini ya kushinda kila shindano kuu aliloingia, jambo ambalo kwa mchezo huu ni sifa kubwa. Katika kipindi hicho aliingia 38, kwa kuwa moja alilikosa mwaka 2015 alipoumia kifundo cha mguu akicheza soka na rafiki zake, na jingine lilifutwa mwaka 2020 wakati wa korona. Uwezekano wa mchezaji wa namna hiyo kutoka mikono mitupu mara zote 38 ni takriban asilimia 14. Yaani ukiwachukua wachezaji saba wenye uwezo uleule na kuwapa miaka ileile, mmoja wao utarajie amalize bila taji hata moja, na hakuna aliyemroga. Ni hesabu ya kukadiria, kwa sababu nafasi ya mchezaji hupanda na kushuka na majira, lakini inatosha kuonyesha kwamba matokeo tuliyoyaita mkosi yanaweza kabisa kumpata mtu ambaye hakupoteza chochote cha ubora wake.

Na je, mashindano haya manne yalipataje mamlaka ya kumhukumu mtu? Mwaka 1930, Bobby Jones alipofanya kile ambacho dunia yote ilikiita ukamilifu wa gofu, manne yake yalikuwa US Open, Open ya Uingereza, na mashindano mawili ya wachezaji wa ridhaa ya nchi hizo hizo. Masters haikuwepo, ilianza mwaka 1934. Sarazen alipoishinda mwaka 1935 ilikuwa inachezwa kwa mara ya pili tu, na hakuna aliyempigia makofi kwa kukamilisha manne, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba kuna manne ya kukamilisha. Orodha tunayoitumia leo ilipata nguvu mwaka 1960, pale Arnold Palmer, akiwa tayari ameshinda Masters na US Open, alipokuwa ndani ya ndege akielekea kucheza Open ya Uingereza, akazungumza na mwandishi wa habari Bob Drum kuhusu kuunda seti mpya ya manne kwa ajili ya wachezaji wa kulipwa. Palmer alifika St Andrews, akashindwa na Mwaustralia Kel Nagle kwa mkwaju mmoja, lakini orodha ikabaki. Sarazen, Hogan na waliotangulia walihesabiwa kwa kurudi nyuma. Hogan mwenyewe, katika mwaka wake mkubwa wa 1953, aliposhinda matatu, hakuweza kulicheza la nne kwa sababu tarehe za PGA Championship ziligongana na za Open. Waandaaji hawakuona tatizo, kwa kuwa seti hiyo haikuwa imezaliwa bado vichwani mwa watu.

Ni orodha yenye anwani pia. Matatu kati ya manne huchezwa Marekani kila mwaka. La nne halijawahi kutoka katika visiwa vya Uingereza na Ireland. Peter Thomson wa Australia alishinda Open ya Uingereza mara tano na hakuona haja ya kuhamia Marekani, na kwa hiyo katika meza ya hesabu ya leo anaonekana mdogo kuliko alivyokuwa. Wako waliofungiwa nje si kwa hiari yao. Chama cha wachezaji wa kulipwa cha Marekani, PGA, kilikuwa na kifungu katika katiba yake kilichoruhusu wazungu tu hadi mwaka 1961. Charlie Sifford, mtu mweusi aliyelivunja lango hilo, alishinda mjini Hartford mwaka 1967 na Los Angeles mwaka 1969, na hakualikwa Masters hata mara moja. Mtu mweusi wa kwanza kucheza hapo alikuwa Lee Elder, mwaka 1975. Kwa kipimo cha mataji makuu, Sifford ni sifuri.

Hapa kwetu Afrika yupo Papwa Sewgolum, Mwafrika Kusini wa asili ya Kihindi, aliyeanza akiwa mbeba fimbo mjini Durban na kujifunza mwenyewe, akishika fimbo kwa mikono iliyopishana kinyume na kila kitabu cha mafunzo, wa kushoto chini ya wa kulia. Alishinda Open ya Uholanzi mara tatu. Mwaka 1963 aliposhinda Natal Open, sheria za ubaguzi hazikumruhusu kuingia ndani ya jengo la klabu, akakabidhiwa kombe lake nje kwenye mvua huku wazungu aliowashinda wakiwa ndani wamejikinga. Mwaka 1965 alilishinda tena shindano hilohilo, safari hii akimwacha nyuma Gary Player, ambaye mwaka uleule alikamilisha yale manne. Baada ya hapo serikali ilimfungia mashindano ya nyumbani. Kipimo kinachompa Player tisa na Sewgolum sifuri kinatuambia ukweli fulani kuhusu Player. Kuhusu Sewgolum hakituambii chochote.

Wanaotetea kipimo hiki wana hoja, na baadhi ni nzito. Ya kwanza ni kwamba wachezaji wenyewe ndivyo wanavyojipima. McIlroy hakuwahi kusema kwamba Masters ni shindano kama mengine, na usiku ule wa Aprili 13 mpira ulipoingia alianguka magotini, paji la uso likagusa nyasi, mabega yakitikisika kwa kilio. Asiyeona uzito hapo hana macho. Hoja ya pili ni ya hivi karibuni na kwangu ndiyo yenye nguvu kuliko zote: tangu mwaka 2022, fedha za mfuko wa uwekezaji wa Saudi Arabia zilipoanzisha ligi ya LIV na kuwachukua wachezaji wakubwa, mashindano makuu manne yamebaki karibu mahali pekee ambapo pande zote mbili hukutana. McIlroy mwenyewe alikuwa msemaji mkali wa upande uliobaki PGA Tour, hadi Juni 2023 alipojikuta ameachwa na wakubwa wake waliotangaza makubaliano na haohao aliokuwa akiwapinga. Kwa hiyo, ndiyo, anayetaka kujua nani bora kwa sasa lazima aangalie wiki hizo nne kwa makini zaidi kuliko alivyofanya miaka kumi iliyopita.

Hoja ya tatu ni ya moyo: kwamba mataji makuu huonyesha nani anayeweza kuhimili shinikizo. Siikatai yote. Juni 2024, kwenye US Open huko Pinehurst, McIlroy alikuwa akiongoza zikiwa zimebaki shimo chache. Msimu huo alikuwa amejaribu mara 496 kukisukuma kipira shimoni kutoka umbali wa ndani ya futi tatu, na mara zote 496 kikaingia. Kwenye shimo la 16 akakosa kimoja cha namna hiyo. Kwenye la 18 akakosa kingine kirefu kidogo tu kuliko hicho, akashindwa na Bryson DeChambeau kwa mkwaju mmoja. Kusema kwamba hiyo ilikuwa bahati mbaya tupu ni kujidanganya. Mikono ya mtu huyo ilijua ni siku gani. Lakini hoja ya moyo inadai zaidi ya hapo. Inadai kwamba anayeshinda ameushinda woga na anayeshindwa ameshindwa na woga, na hapo ndipo ushahidi unapoikataa. Masters ya 2022 McIlroy alicheza siku ya mwisho kwa mikwaju 64, akamaliza wa pili. Ya 2025 alicheza siku ya mwisho kwa 73, akavishwa koti la kijani la bingwa wa Masters.

Tuitazame hiyo 73 kwa karibu, maana imeshaanza kugeuzwa kuwa hadithi ya ushujaa usio na doa. Shimo la kwanza kabisa alilipoteza kwa mikwaju miwili zaidi ya kiwango, na uongozi wake ukayeyuka kabla watu hawajakaa. Alijikusanya, akaongoza tena kwa nafasi kubwa, na kwenye shimo la 13 akawa na mkwaju mwepesi wa fimbo fupi, ambao kila mchezaji wa kiwango chake huupiga akifikiria jambo jingine. Akaupiga ndani ya kijito cha Rae's Creek. Mikwaju miwili mingine ikapotea. Kwenye la 15 akakizungusha kipira kupita pembeni mwa miti, kikatua jirani na shimo, mkwaju ambao utaonyeshwa miaka hamsini ijayo. Kwenye la 18 alihitaji kukisukuma kipira futi tano tu ili awe bingwa, akakikosa. Justin Rose, aliyekwisha kumaliza na 66 yake, akaitwa kwenye shimo la ziada. Huku Afrika Mashariki ilikuwa imepita saa nane usiku, na nakumbuka nilimwambia mwenzangu tuliyekuwa naye kwenye simu kwamba haya yameisha, Rose anashinda. Jaribio la Rose likapita pembeni, la McIlroy likaingia. Katika siku zote nne za shindano hilo McIlroy alikuwa amepoteza mikwaju miwili katika shimo moja mara nne, na hakuna bingwa wa Masters kabla yake aliyewahi kushinda kwa makosa ya aina hiyo mengi kiasi hicho. Moyo uleule, udhaifu uleule, mkono uleule uliokosa Pinehurst ukakosa na hapa; tofauti ni kwamba safari hii palikuwa na shimo jingine la kucheza. Ikiwa tutasema ya Pinehurst yanathibitisha kwamba hana moyo na ya Augusta yanathibitisha kwamba anao, basi tunasoma matokeo na kuyabatiza jina la tabia.

Iko hoja ya nne, dhaifu kuliko zote, ingawa ndiyo inayorudiwa zaidi kwenye mabishano: kwamba mashindano mengine ni ya kuchuma pesa tu, wapinzani hafifu, na kuyashinda mara 19 ni sawa na kushinda ligi ya mtaa. Anayesema hivyo hajaangalia orodha ya washiriki. Masters huwa na wachezaji chini ya 100, na ndani yake wamo wachezaji wa ridhaa pamoja na mabingwa wa zamani wenye haki ya kurudi. Mwaka 2025 Bernhard Langer alicheza akiwa na miaka 67. The Players hadi mwaka 2025 ilikuwa na 144, na haina kiti cha maisha kwa mabingwa wake wa zamani. Kihesabu, mtu anayetaka kushinda The Players ya 2019, kabla ya mgawanyiko wa LIV, alikuwa na watu wengi zaidi wenye uwezo halisi wa kumzuia kuliko mtu anayetaka kushinda Masters ya mwaka wowote. Na kama pesa ndilo doa, Masters ilimlipa McIlroy dola milioni 4.2 kwa siku nne za kazi.

Aliyeumizwa zaidi na kipimo hiki si McIlroy, ni Montgomerie, yule ambaye rekodi yake ya Ulaya sasa inakaribiwa. Alikuwa bingwa wa msimu wa Ulaya miaka saba mfululizo, 1993 hadi 1999, kisha tena 2005, na hakuwahi kushinda taji kuu. Juni 2006, kwenye US Open huko Winged Foot, alisimama katikati ya njia ya shimo la 18, mahali pazuri kuliko alivyoweza kuomba, akiwa na fimbo namba saba mkononi. Mkwaju ukawa mfupi, ukaangukia kulia, akahitaji mikwaju mitatu juu ya grini, yaani nyasi fupi zinazozunguka shimo, na Geoff Ogilvy akawa bingwa kwa tofauti ya mkwaju mmoja. Tuseme ule mkwaju wa fimbo saba ungefika. Miaka yake saba mfululizo isingebadilika hata kwa pointi moja. Mashindano aliyoshinda yangekuwa yaleyale, wapinzani walewale. Lakini sisi tungebadilisha jina lake, kutoka mtu aliyeshindwa mambo makubwa hadi bingwa. Rekodi ya miaka 13 inayosubiri mkwaju mmoja uipe maana yake imepimwa na mtu ambaye hakuwa akiitazama.

Kwa nini jambo hili linanihangaisha mimi, mwandishi wa huku ambako viwanja vya gofu bado ni vya wachache? Kwa sababu tabia hiyo ya kuhukumu kwa wiki moja tumeshaihamishia nyumbani. Open ya Kenya ilianza mwaka 1967. Ballesteros aliishinda mwaka 1978 na Ian Woosnam wa Wales mwaka 1986, wote wawili kabla ya kuvaa lile koti la Augusta. Tangu 2019 imepandishwa hadi daraja la juu la Ulaya, na inachezwa Nairobi kwenye viwanja vya Karen au Muthaiga. Kila mwaka wachezaji wa kulipwa wa Kenya hupewa nafasi, na kila mwaka habari huwa ni moja: wangapi wamefuzu kucheza Jumamosi na Jumapili. Wakikosa, na wengi hukosa, maneno hutoka yaleyale, kwamba hatuna vipaji, kwamba vijana wameridhika, kwamba heshima ya nchi imeshuka.

Sasa fikiria kazi ya mtu huyo ilivyo. Mchezaji wa gofu wa kulipwa hana mshahara. Nauli yake, malazi yake, ujira wa mbeba fimbo wake, kocha kama anaye, vyote hutoka mfukoni mwake kabla hajapiga mkwaju wa kwanza, na asipofuzu Ijumaa kwa kawaida hurudi nyumbani bila senti. Wengi wa hawa wa kwetu walianza wakiwa wabeba fimbo, wakijifunza kwa kutazama, wakicheza jioni wanachama wakiwa wameshakwenda baa. Mwaka mzima wanacheza mashindano ya kanda dhidi ya wenzao wenye kiwango kama chao. Halafu siku mbili, Alhamisi na Ijumaa, wanapangwa na watu ambao wiki iliyotangulia walikuwa kwenye shindano la kiwango hichohicho na wiki inayofuata watakuwa kwenye jingine. Pengo tunaloliona siku hizo ni la wiki 30 za ushindani ambazo mmoja amezicheza na mwingine hakuzipata. Mwaka McIlroy alipoporomoka Augusta kwa mikwaju 80, alikuwa na US Open ya kuirudia baada ya miezi miwili. Mchezaji wetu akiporomoka Muthaiga, shindano jingine la daraja hilo atalingoja mwaka mmoja, na hapo napo mpaka apewe nafasi.

Hivyo anayetaka kujua kama gofu ya Kenya, au ya Tanzania na Uganda zilizo nyuma yake, inasonga mbele, swali la wangapi wamefuzu Ijumaa lina faida ndogo sana. Jibu lake linaweza kupanda kutoka mmoja hadi watatu kwa sababu ya upepo wa mchana. Swali lenye faida ni la kuchosha zaidi: mchezaji wetu wa tano kwa ubora amecheza mashindano mangapi ya siku nne mwaka huu, wastani wa mikwaju yake umeshuka kwa kiasi gani tangu mwaka juzi, na ni nani aliyemlipia tiketi ya kwenda Afrika Kusini kutafuta kadi ya kucheza ligi ya huko msimu mzima. Sijaona gazeti linalochapisha jedwali hilo. Wadhamini, ambao husoma magazeti haya kama sisi, huweka fedha zao penye kamera, yaani kwenye wiki moja ileile, na wiki 51 zinazobaki zinabaki juu ya mfuko wa mchezaji.

Siku ile ya Dubai McIlroy alikuwa na miaka 36. Kumfikia Montgomerie anahitaji msimu mmoja bora zaidi, na kumpita anahitaji miwili. Msimu uliofuata wa Ulaya ulianzia Australia kabla mwaka 2025 haujaisha, na pointi zinazotolewa Nairobi Open ya Kenya inapochezwa huingia kwenye jedwali lilelile ambalo mwisho wake hutangazwa Dubai, Novemba, kwa aya mbili tatu.